Kicheko cha Mama Tekla na Kamera Mbili

Hapo zamani, wala si zamani ya kuulizia wazee, ni zamani ya mvua za mwaka juzi tu, paliishi Songea mwanamke aitwaye Osmunda Gama. Watu walimwita Mama Tekla, kwa jina la binti yake wa kwanza. Huyo Tekla alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hadithi hii ni ya kwake kuliko ya mama yake, kwa sababu mzigo uliishia mikononi mwake.

Mama Tekla alikuwa na mwanya. Meno mawili ya mbele, ya juu, yaliachana kiasi cha kupitisha punje ya mchele. Marehemu mumewe, Mzee Ditram, alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango ukiangalia barabara. Alikuwa akisema kwamba alimwoa mkewe kwa ajili ya ule mwanya. Lakini katika miaka thelathini na tisa ya kupiga picha mji mzima, picha ya mwanya hakuipata.

Sababu ni hii. Mama Tekla alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba mwanamke anayejiheshimu akicheka huweka kiganja mdomoni. Tena alikulia enzi ambazo mtu akipigwa picha hukaa kama yuko mbele ya hakimu. Kwa hiyo akiona kamera, alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akafunga mdomo. Kamera ikiondoka, alicheka, kiganja mdomoni.

Ikatokea Mama akaota uvimbe juu ya ufizi. Akapimwa, majibu yakatoka. Daktari wa hospitali ya rufaa akampangia upasuaji Jumatatu, katika hospitali kubwa ya mkoa mwingine.

"Meno manne ya mbele yatatoka," daktari alisema, "na kipande cha mfupa wa taya."

"Nitapona?"

"Tunatarajia utapona, mama."

"Na mwanya?"

Daktari akaangalia karatasi zake.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Waliporudi nyumbani, Mama alivua ufunguo wa studio shingoni, akauweka mezani mbele ya binti yake.

"Chumba cha baba yako kimefungwa miaka sita," alisema. "Atakayenipa picha yangu nikicheka, mwanya uonekane, kabla sijapanda basi la Jumapili, chumba ni chake. Afanyie kazi humo mpaka azeeke. Mmoja tu. Sitaki ubia nyumbani kwangu."

"Mama, unatoa chumba kwa ajili ya jino?"

"Si jino. Nataka ushahidi."

Habari hazikulala. Kesho yake wakaja wapiga picha wawili.

Wa kwanza alikuwa Severin Mbano, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyepiga picha za pasipoti nje ya ofisi za wilaya. Alikuwa na kitambaa cha bluu alichokitundika ukutani. Mvua ikinyesha, anakikunja na siku imekwisha. Kamera yake ilikuwa ya mfukoni. Lenzi ilijitokeza kama kichwa cha kobe, na ukiizima ilirudi ndani.

Wa pili alikuwa Kandida Luambano, miaka ishirini na sita, mpiga picha wa harusi na komunyo. Aliishi kwa dada yake na alitengenezea picha kwenye kompyuta kitandani, wapwa zake wakirukaruka juu ya godoro. Kamera yake ilikuwa ya lenzi ya kuchomoa na kubadilisha, ya zile mpya zisizo na kioo cha kuakisi picha ndani. Si ya bei ya juu, ni ya daraja la kuanzia, lakini aliibeba kama mtoto mchanga.

Tekla hakujua chochote kuhusu kamera, ingawa baba yake aliishi nazo. Akataka kujua.

"Hii kubwa inaona nini ambacho ile ndogo haioni?" aliuliza.

Kandida akachomoa lenzi, akamwonyesha kibamba kilichong'aa ndani. "Hiki ndicho kinachopokea mwanga. Chake kiko kama ukucha wa kidole cha mwisho. Changu kiko kama stempu ya barua. Mwanga ukiwa mchache, mimi bado naona. Yeye anapata chembechembe, kama picha imemwagiwa pumba."

"Na ile ndogo?" Tekla akamgeukia Severin. "Inafaa nini?"

"Iko wapi?" Severin akauliza.

Tekla akatazama mikono ya Severin. Mitupu.

"Mfukoni," Severin akasema. "Mwalimu, mpaka dada huyu afungue zipu, avue kifuniko, achague lenzi, mimi nimeshapiga, nimeshakunywa chai."

"Umepiga nini?" Kandida akamjibu. "Pumba."

Tekla akacheka. Mama naye akacheka, kiganja mdomoni.

Alhamisi ile alianza Severin. Alikaa barazani na Mama, akamsimulia vituko vya watu wanaokuja kupiga picha za pasipoti, na yule bwana aliyeazima koti jipya la mwenzake akapigwa picha na kikaratasi cha bei ya duka kikining'inia. Mama akaanza kulainika. Severin akapeleka mkono mfukoni. Mama akauona ule mkono. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akafunga mdomo.

Ijumaa ikawa zamu ya Kandida. Hakupiga picha hata moja asubuhi ile. Alizunguka nyumba, akatazama mwanga unaingilia wapi na saa ngapi. Barazani jua lilikuwa kali na lilimkunja Mama uso. Jikoni kulikuwa giza. Akaomba dirisha la nyuma la jiko, lililozibwa kwa bati, lizibuliwe. Tekla akaleta nyundo. Bati lilipotoka, mwanga ukaingia mpana na wa taratibu, ukatua mlangoni mwa jiko. Kandida akaweka kigoda pale. Mama akakaa. Kandida akainua kamera. Mama akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akafunga mdomo.

"Mama, usinitazame mimi," Kandida akamsihi. "Chambua mchicha tu."

"Mwanangu, ninauchambua," Mama akasema, mdomo umefungwa nusu, mikono magotini.

Jumamosi walikuja wote wawili, maana ilikuwa siku ya mwisho, na Mama akakaa tena kwenye kile kigoda cha mlangoni mwa jiko. Asubuhi ikapita bure. Mchana ukapita bure. Saa tisa alasiri Severin akasimama, akajipukuta vumbi.

"Mimi nimemaliza, Mama," alisema. "Nimeshindwa. Kinachonizuia kuondoka ni chai tu."

Akakaa chini ukutani, kikombe mkono mmoja. Mkono wa pili aliuweka nyuma ya goti. Mama akamwonea huruma na kumsahau. Kandida naye alikuwa amesimama upande wa pili, kamera kifuani. Alikuwa amesubiri muda mrefu mno hata kamera ikawa imejizima yenyewe kutunza betri.

Ndipo akaingia Kikoti.

Kikoti alikuwa fundi viatu, Mhehe wa Iringa aliyehamia Songea ujanani. Mama Tekla alikuwa Mngoni. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana, na siku walipochoka kupigana wakaanza kutaniana. Mtani ana haki zake: hutukana bila kuomba radhi, na akishika kitu chako akasema ni chake, huna pa kushtaki.

Hakubisha hodi. Alipita uani, akamkamata tetea wa Mama aliyekuwa akidonoa pumba, akamtia kwapani.

"Shikamoo, mwizi wa mahindi," akasema.

"Weka kuku wangu chini, Mhehe."

"Simwachi. Nimesikia mnakwenda kung'oa meno. Hayo meno mnayapeleka wapi bila ruhusa? Yametafuna mahindi ya ukoo wetu tangu babu yako alipovamia ghala letu. Ni mali yetu. Nimekuja kuyachukua kabla daktari hajatuwahi."

"Chukua ya babu yangu, yako makaburini."

"Yale hayana mwanya. Mimi nataka haya, nitobolee viatu matundu ya kamba." Akamsogezea yule kuku. "Haya, mshike huyu kwa mikono miwili awe dhamana, nikalete koleo."

Kuku akapigapiga mabawa usoni kwa Mama. Mama akamdaka kwa mikono yote miwili, akambana kifuani. Na hapo kicheko kikamtoka. Mikono ilikuwa na kuku. Kiganja hakikupata nafasi ya kwenda mdomoni.

Tekla aliona mambo mawili kwa pamoja. Upande wa ukuta, mkono wa Severin ulitoka nyuma ya goti, kamera ikiwa wazi tayari, lenzi nje, bila mlio. Upande wa pili, Kandida aliinua kamera, akakuta skrini yake nyeusi, akaigusa, akasubiri iamke. Haikuchukua zaidi ya kupepesa jicho mara mbili. Ilipoamka, akapiga.

Kisha Mama akamwachia kuku, na mkono ukarudi mdomoni.

Jioni ile picha zikasafishwa mjini. Jumapili asubuhi, kwenye kituo cha basi, Mama alizipokea zote mbili, akazitazama moja moja.

Picha ya Severin ilikuwa na kicheko chote. Kichwa kimerudi nyuma, macho yamefumba, bawa la kuku limefunguka, Kikoti pembeni ameinua kidole. Ilikuwa saizi ya postikadi. Severin alijaribu kuikuza, ikajaa chembechembe, na mwanya ukawa doa. Kwenye postikadi ulionekana, kama ulijua pa kutazama.

Picha yake, Kandida aliikuza kufikia ukubwa wa meza ya chai. Kila mstari wa uso ulionekana, na manyoya ya kuku ungeweza kuyahesabu. Mwanya ulikuwa wazi kama mlango. Lakini kicheko kilikuwa kinaondoka. Mdomo bado u wazi, machozi yako machoni, na mtu anajirudisha katika heshima yake.

Mama aliiviringisha ile kubwa. Alizitia zote mbili kwenye mfuko, akampa Tekla ufunguo. "Nikirudi tutaamua," akasema, akapanda basi.

Alipasuliwa, akapona. Alirudi baada ya wiki tatu, uso umefungwa bandeji, hawezi kusema. Siku ya pili wale watatu wakafika barazani. Ndiyo, watatu, maana Kikoti naye alikuja na kibao chake cha kushonea viatu.

Tekla akampelekea Mama daftari na kalamu. Mama akaandika maneno machache: *Amua wewe. Mimi ninazo zote mbili.*

Tekla akatoka na ufunguo mkononi. "Semeni," akawaambia.

Severin akasema, "Mama aliomba picha akicheka. Mwenye picha akicheka ni mimi. Huyu dada amepiga mtu aliyemaliza kucheka. Siku mbili nimekaa na kamera isiyomtisha mtu, nikijua dakika moja itakuja. Ikaja, nikaikamata."

"Ulimdanganya," Kandida akasema. "Ulimwambia umemaliza na kamera imewaka nyuma ya goti. Kamera yangu mimi aliiona muda wote."

"Aliiona, ndiyo maana alifunga mdomo siku mbili."

Kandida akamwelekea Tekla. "Dada Tekla, nyundo uliileta wewe. Unakumbuka giza la jiko lile? Bila lile dirisha, kamera yake ingepata nini? Hata picha yake imesimama juu ya mwanga wangu. Na Mama alisema mwanya uonekane. Ingia ndani umuulize hiyo postikadi ataivalia miwani ipi. Yangu ukiitundika ukutani, mtu ataiona tangu barabarani."

"Kamera yako ilisinzia," Severin akasema.

"Ilisinzia kwa sababu nilisubiri kwa heshima."

Kikoti alikuwa amekwisha kaa juu ya kibao chake, mgongo kwenye mlango wa studio.

"Nyinyi mnabishania ndoo," akasema, "na aliyechota maji ni mimi. Siku tatu mmemkodolea mama wa watu vioo, mmepata nini? Picha ya hakimu. Nimekuja mimi bila kamera, bila betri, kicheko kimetoka. Tena mtani akishika kitu amekishika. Nimeshika mlango."

"Wewe hukupiga picha," Tekla akasema.

"Na wao hawakumchekesha. Kama anayestahili ni yule aliyezuia mkono wa mama yako, basi mpe kuku chumba, tuondoke." Kisha akaacha utani, sauti ikashuka. "Mwalimu, mimi nilikuja nikijua anakwenda kukatwa uso. Nisingekuja, mngempakia kwenye basi amefunga mdomo."

Tekla akaugeuza ufunguo mkononi. Alimtazama yule aliyekamata kicheko chote kwa kamera ya mfukoni na uongo mdogo. Akamtazama yule aliyefungua dirisha, akasubiri waziwazi, akapata mwanya wote na kicheko nusu. Akamtazama yule aliyekileta kicheko chenyewe, asiye na picha yoyote ya kuonyesha. Ndani, Mama aligonga kalamu juu ya daftari, kama mtu anayeuliza mbona mnachelewa.

Nanyi mliosikiliza msiniambie wagawane, kwa maana chumba kina mlango mmoja na mwenye nyumba alikwisha kusema hataki ubia. Msimtupie Mama tena, amekwisha andika. Mjiweke pale barazani, mahali pa Tekla, watu watatu mbele yenu, mniambie: ufunguo ule ulistahili kuingia mkononi mwa nani?