Mkono wa Bibi Raihana

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mcha Mungu akiitwa Bibi Raihana, Allah amrehemu. Wanawake wa mji ule walikuwa na desturi ya kwenda kuubusu mkono wake kila baada ya sala ya alasiri, kutafuta baraka. Basi tauni ilipoingia, watu waliogopa kila kitu: wakaogopa soko, wakaogopa misafara ya wageni, hata maji ya kisima wakayaogopa. Mkono wa Bibi Raihana peke yake hawakuuogopa. Ajabu ya binadamu! Vikongwe, wagonjwa wa kifua na wajawazito ndio waliomiminika, maana wao ndio waliokuwa na hofu kubwa zaidi.

Siku moja Bibi Raihana akaamka ana homa, na kwapani ana uvimbe. Akachanganyikiwa. Ni tauni, au ni uzee tu? Akiuficha mkono, si ataonekana ameishiwa na tawakali? Na akiutoa, je, kama atawaua waja wa Mungu huku wakidhani anawabariki? Alisali, akalia, akasali tena, wala moyo haukutulia upande wowote. Alasiri ikaingia naye bado hajui la kufanya.

Wa kwanza kufika alikuwa Lubaba, mjamzito aliyekaribia kujifungua, ambaye mimba zake zote za nyuma zilikuwa zimeharibika. Bibi Raihana akasimama nyuma ya mlango.

"Usiingie, mwanangu. Nina homa na uvimbe. Huenda ni tauni, huenda siyo. Sijui."

Lubaba akaangua kilio. "Mama, wakati huu wa mauti ndio unaninyima mkono? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Dua nitakuombea hapa hapa nilipo."

Lubaba, maskini, kwa uchungu akainama akaubusu mlango. Bibi Raihana akasikia, akapiga ukelele: "Laa! Mlango nao nimeushika! Nenda ukanawe, haraka!"

Maneno yakazagaa. Huyu akasema Bibi ameingiwa na woga. Yule akasema ikiwa yeye kapatwa, basi hakuna atakayepona. Naye ndani akawasikia wote, asijue nani kasema kweli. Akasubiri, akila mkate aliowekewa kizingitini.

Hatimaye uvimbe ukapasuka. Kumbe lilikuwa jipu! Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lubaba hakucheka. Alikuja na mtoto mchanga mikononi, mzima wa afya, na hasira zake zote.

"Nimejifungua bila kuubusu mkono wako, natetemeka, najua nakufa. Kumbe jipu, Mama! Jipu!"

"Ni kweli, lilikuwa jipu," akasema Bibi Raihana huku machozi yakimtoka. "Lakini siku ile nilikuwa sijui. Ningekupa mkono, halafu ikawa tauni, ningemwambia nini Mola wangu? Kwamba niliona haya watu wasije wakaniita mwoga?"

Lubaba akamtazama mwanawe kitambo, kisha akamkabidhi yule bibi ampakate.

Ndugu zangu katika imani, tuzingatie. Bibi huyu hakupewa elimu ya ghaibu, wala hakujidai kuwa nayo. Alisema "sijui" mbele ya watu waliomtaka ajue, kisha akasubiri. Mwenyezi Mungu atujaalie kulitamka neno hilo kabla hatujamdhuru tunayempenda. Amin.