Kitabu cha Ishirini na Saba

Isome hii pole pole, halafu mpelekee yule rafiki yako anayejibu "nimeona" kabla hajafungua ulichomtumia.

Katika mji mmoja kulikuwa na diwani aitwaye Kalinjuma, ambaye alipenda sana kuonekana msomi. Kila Ijumaa alipita kwenye maktaba ya mji na kumwambia mkutubi, Bi Mwasiti, "Mama, nichagulie kitabu kizuri."

Bi Mwasiti hakuchagua ovyo. Kwanza alimuuliza kile cha wiki iliyopita amekionaje. Ndipo akazunguka kwenye rafu, akatoa hiki, akakirudisha, akatoa kile.

"Kilikuwa kitamu mno," Kalinjuma alijibu kila mara. "Nimekimaliza chote."

Uongo mtupu! Kitabu alikipitisha sokoni kwapani ili watu wakione, kikakaa juu ya meza ya sebuleni ili wageni wakione, na Ijumaa kikarudi. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya tu kumvunja moyo mama wa watu, na kadiri wiki zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema kweli.

Ijumaa moja Bi Mwasiti hakuzunguka kwenye rafu. Alikuwa na kitabu tayari mkononi, cha ishirini na saba tangu waanze.

"Mheshimiwa, hiki nakuomba ukisome mpaka ukurasa wa mwisho. Tafadhali."

"Ondoa shaka, mama."

Wiki ilipokwisha akakirudisha. "Nimekisoma chote. Nakubaliana nacho kabisa!"

Bi Mwasiti alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Kalinjuma alishangaa kidogo, akaenda zake.

Mwezi uliofuata baraza la madiwani lilikaa kuamua kama maktaba ifungwe, jengo liwe ghala. Bi Mwasiti alikaa nyuma kabisa ukumbini, macho yote kwa Kalinjuma. Kalinjuma alikuwa anawahi harusi. Wenzake waliponyoosha mikono kukubali, naye akanyoosha. Hoja ikapita.

Mlangoni alimsalimia Bi Mwasiti, naye hakuitikia. Alisema tu, "Nilidhani tumeelewana, Mheshimiwa."

Maneno hayo yalimkosesha raha hata kwenye harusi. Siku chache baadaye alikwenda maktaba, akakuta vitabu vimeshafungwa kwenye maboksi. Akapekua mpaka akakipata kile cha ishirini na saba. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na barua.

"Mheshimiwa, wanataka kutufungia maktaba. Sisi watumishi tumekatazwa kuwafuata madiwani, ndiyo maana nakuandikia humu. Wazazi wa wanafunzi wako tayari kukusanya saini. Lakini wewe ndiye diwani pekee anayesoma, na ukitutetea wewe hatuna haja ya kupiga kelele. Kama hukubali, rudisha kitabu kimya kimya, nami nitawaambia wazazi waanze. Kama unakubali, niambie."

Kalinjuma aliketi pale pale sakafuni. Hakuna saini hata moja iliyokusanywa, kwa sababu yeye alisema anakubali.

Alimfuata Bi Mwasiti nyumbani kwake, akamweleza yote.

"Nisamehe, mama. Sikukifungua."

Bi Mwasiti akauliza, "Na vile ishirini na sita?"

"Hata kimoja."

"Na mimi kila wiki nilikuwa nawaza nikuchagulie kipi," alisema, akainuka kwenda kumletea chai, maana mgeni ni mgeni.

Maktaba imekuwa ghala mpaka leo. Siku hizi Kalinjuma anasoma kweli, na kwa majuto mengi. Lakini akimaliza kitabu, hakuna tena wa kumuuliza amekionaje.

Funzo: Usiseme umesoma usichokisoma, wala umesikia usichokisikiliza. Yupo mtu ameliamini neno lako, akaacha kujitetea.