Simba Aliyelowesha Bonde Zima

Nianze, nisianze?
— Anza!
Aliyebanwa na mkojo?
— Katoka!
Basi aliyebaki atulie, maana nikishaanza sisimami.

Hapo kale Simba alitawala bonde zima, na sheria ilikuwa moja: Simba akikojoa mahali, ni pake. Mwenyeji afunge virago. Mvua tatu zikipita bila yeye kuirudia alama yake, mahali panarudi kwa wenyewe.

Wanyama waliishi hivyo hivyo, mpaka Simba akazeeka. Akicheka, tii! Akipiga chafya, chwaa! Akiinuka, tii, tii, tii! Na kwa kuwa aibu ilimzidi, kila palipolowa alinguruma, "Hapa pangu!" Akapiga chafya kisimani, kisima kikawa chake. Akacheka shambani kwa Ngiri, shamba likawa lake. Tamaa nayo ikamwingia, akaanza kucheka bila kuchekeshwa.

Siku moja akapanda jiwe la Mama Pimbi, mnyama mdogo asiyezidi paka. Akapiga chafya. Chwaa!

"Hapa pangu! Jua likizama nikukute umehama."

Pimbi aliingiwa na hofu hasa. Ndani ya ufa wa jiwe mlikuwa na wanawe wanne, na huko nje tai walikuwa wanazunguka. Hata hivyo akamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hama."

"Nahama, mzee. Lakini hiyo chafya... ulikusudia?"

Simba akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mimi nilipojifungua huyu wa nne, hata kukohoa nilikuwa naogopa. Nikatibiwa, nikapona."

"Ukapona?" Simba akakaa chini, sauti ikawa ndogo. "Mwenzio nanuka, Pimbi. Swala wanasikia harufu yangu kabla sijanyata. Nimeacha kunywa maji, koo limekauka, na bado navuja! Nitibu, nikuachie jiwe siku mbili tatu."

"Niachie mpaka upone, mzee."

"Haya."

Masika yalikuwa karibu, na Pimbi alijua kuhesabu mvua. Akamfunga Simba nepi ya magome laini asije akalowa njiani. Akamwambia, "Maji kunywa kama kawaida. Sasa bana huko chini, kama unazuia mkojo. Tumbo liache. Uso usiukunje, mzee! Hesabu mpaka kumi. Legeza."

Simba akabana, akahesabu, akalegeza. Asubuhi akabana, akahesabu, akalegeza. Jioni akabana, akahesabu, akalegeza.

Kisha Pimbi akamwonyesha shimo nyuma ya jiwe. Pimbi ukoo mzima hujisaidia mahali pamoja, tangu enzi za bibi zao. "Haja ndogo ni hapa tu. Ukibanwa kabla ya wakati, subiri kidogo. Kesho subiri zaidi."

Mvua ya kwanza ikanyesha, Simba akabana. Ya pili ikanyesha, akatupa nepi. Ya tatu ilipokatika akapiga chafya kubwa, ha-psyaa! Akajikagua. Pakavu! Simba akalia kwa furaha, na Pimbi, pamoja na hila zake, akafurahi naye kwelikweli.

Ndipo Simba akakumbuka mali zake. Akakimbilia kisimani, akainua mkia. Kimya. Akakimbilia kwa Ngiri, akainua mkia. Kimya. Akacheka, akakohoa, akarukaruka. Hata tone! Mwili ulishazoea shimo. Akabanwa mpaka macho yakamtoka, akarudi mbio nyuma ya jiwe. Chwaaaaa!

"Mvua tatu zimepita," akasema Ngiri, huku anarudisha virago vyake shambani.

"Usihuzunike, mzee," Pimbi akasema kwa adabu. "Hilo shimo ni lako. Hakuna atakayekunyang'anya."

Hadithi yangu imekaukia hapo. Na funzo lake ni hili: ukivuja, nyamaza kimya, usitibiwe abadani, usije ukapoteza bonde.

Na wewe uliyecheka hapo ukabana miguu, nimekuona. Njoo kesho nikufundishe kuhesabu. Lakini hicho kiti bado ni changu.