Dawa ya Alfajiri

"Dawa ya alfajiri huisha saa nne." Mmeisikia sokoni, sivyo, mkadhani ni maneno ya wauza dawa? Haya, endeleeni kumenya maharage huku mkisikiliza. Na wewe Nakunda unayekohoa, sogea upande ule. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kwetu milimani, na aliyeizaa aliizaa kwa aibu.

Shuleni palikuwa na muuguzi, Sista Nakijwa, mwanamke asiye na maneno mengi. Kila asubuhi alisimama getini akiwagusa watoto paji la uso kwa mgongo wa kiganja, mmoja mmoja. Mwenye homa alirudishwa nyumbani, akae mpaka ipite siku nzima bila homa na bila dawa. Kanuni hiyo wazazi wenyewe waliipitisha mkutanoni, na aliyeitetea kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwenyekiti wao, Mama Penieli.

Sasa huyo Mama Penieli alikuwa na lake. Binti yake wa darasa la tatu hakuwahi kukosa shule hata siku moja tangu aanze, na Ijumaa angepewa cheti mbele ya wazazi wote. Gauni lilishashonwa, na kanisa zima lilishaambiwa. Jumatano alfajiri mtoto akaamka anawaka moto, anakohoa.

"Siku mbili tu zimebaki," mama akajisemea moyoni. Akamnywesha dawa ya kushusha homa, akampangusa uso kwa maji ya mtungi, akamwambia, "Sista akikuuliza, sema sijambo. Umesikia? Usiniaibishe." Lo! Eti usiniaibishe.

Getini, paji lilikuwa baridi. "Pita, mwanangu," Sista akasema.

Saa nne kengele ya uji ikalia. Vikombe vya shule havikutosha, hivyo watoto walikunywa wawili wawili kwa kikombe kimoja. Mwenzake Penieli alikuwa Tumsifu, mtoto mwenye selimundu, ambaye mafua ya wengine humlaza kitandani. Walipokezana kikombe mara mbili, tatu, kisha Penieli akaanza kutetemeka hadi uji ukammwagikia. Dawa ilikuwa imeisha.

Mama akaitwa. Alimkuta mtoto amelala katika chumba cha muuguzi.

"Homa imemwanza lini?" Sista akauliza.

"Sasa hivi tu, Sista. Asubuhi alikuwa mzima kabisa."

Penieli akafumbua macho. "Mama, nilisema sijambo, kama ulivyoniambia."

Sista aliandika kwenye daftari lake, akamfunika mtoto shuka vizuri. Mama Penieli alitamani atukanwe, lakini hakutukanwa.

Jumamosi Tumsifu akapelekwa hospitali ya wilaya, kifua kimebana, viungo vyote vinamuuma, akawekewa hewa ya mtungi. Siku tisa mama yake hakujua kama atarudi na mtoto au na jeneza. Mama Penieli alimpelekea uji kila siku, na kila siku alishukuriwa, akarudi nyumbani akilia njia nzima.

Kijiji nacho kikatafuta wa kulaumiwa. Mkutanoni baba yake Tumsifu alisimama kwa hasira. "Huyu Sista anawapima watoto, au anawapapasa tu? Aondoke!" Watu wakapiga makofi. Sista alikaa na daftari lake mapajani, asilifungue. Mama Penieli alingoja atajwe. Hakutajwa.

Mama Tumsifu, aliyekaa karibu naye, akamshika bega. "Mwenyekiti, wewe uliyehangaika nasi hospitali, tusemee."

Mama Penieli akainuka. "Sista hana kosa," akasema. "Paji aliloligusa nililipoza mimi. Nilimpa mtoto dawa alfajiri nikajiona mjanja. Ndugu zangu, dawa ya alfajiri huisha saa nne. Mama Tumsifu, mwanangu ndiye aliyemwambukiza mwanao, na mimi ndiye niliyemtuma. Ule uji nilikuwa nauleta kwa sababu ya aibu yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Tumsifu aliuondoa mkono wake begani, polepole.

Tumsifu alipona, na Sista akabaki. Uenyekiti Mama Penieli aliuacha hapo hapo. Lakini maneno yake yalitoka na watu mkutanoni, yakafika kisimani, yakafika sokoni. Kila anayeficha jambo akaambiwa hayo. Hata watoto wasiojua ni ya nani walimpita wakiyasema, naye hakuwahi kuwakemea. Aliinamisha kichwa tu, akaenda zake.

Basi, Nakunda, unakohoa tangu juzi, na leo umeniambia ni vumbi la maharage. Inuka ukalale. Kesho huendi shule, hata kama kuna mtihani, na usinitafutie kidonge. Dawa ya alfajiri huisha saa nne.