Ukuta wa Kati wa Nyumba ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, ila msiegemee ukuta huo, bado mbichi.

Hapo zamani za kale, watu walipokuwa wakiwajengea wanyama nyumba, palikuwa na mwanamke jina lake Mbodze, fundi wa kukandika. Nyumba yake mwenyewe haikuwa na paa. Kiangazi kilikuwa kimemaliza nyasi zote bondeni, isipokuwa zile alizojiwekea Fisi. Masika yalikaribia, na watoto wanne wa Mbodze walikuwa wakilala wakihesabu nyota.

Fisi akamwita. "Nikandikie nyumba, Mama Mbodze. Kila ukuta mizigo miwili ya nyasi."

Kwa desturi ya huko, hakuna aliyegusa udongo kabla ya kuchagua mwamuzi. Wakamchagua Kakakuona, wakala yamini: tukikosana, ataamua kabla lundo la udongo halijakauka, nasi tutatii papo hapo. Asiyeridhika atalipeleka jambo baraza kuu, baada ya mavuno.

Mbodze akakanyaga udongo, akakandika, akasawazisha. Alipomaliza tu, Fisi akajikuna mgongo kwenye ukuta mbichi. Ukapasuka.

"Udongo wako mbovu!" Fisi akafoka. "Sikupi hata unyasi mmoja!"

"Mgongo wako umejaa matope, Bwana Fisi."

"Nilizaliwa nayo."

Kakakuona akaitwa. Akamsikiliza huyu, akamsikiliza yule, akaunusa ufa. Kisha akaingia ndani kwenye giza, akawa anahesabu kuta kwa kuzigonga kwa mkia. Akatoka.

"Ufa ni wa Fisi. Kuta ni sita. Mizigo kumi na miwili, kesho." Akajiviringisha, akalala.

Siku ya kwanza Fisi akasema, "Nyasi zina umande." Siku ya pili akasema, "Mke wangu kasafiri na kamba." Siku ya tatu akacheka tu. Siku hiyo hiyo Mbodze aliona wingu la kwanza, jeusi kama chungu. Akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa Nyati, hakimu wa bonde. Fisi akaitwa.

Nyati alikuwa akitafuna. "Kakakuona mlimchagua nyote wawili?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini amekosea," akajibu Fisi.

"Sikuuliza hilo. Alikusikiliza?"

"Ndiyo, lakini amekosea!"

"Sikuuliza hilo. Aliamua jambo lile lile mlilompa?"

"Ndiyo, lakini amekosea! Ukuta wa kati ameugonga upande huu, akaugonga na upande ule! Kuta ni tano!"

Wote waliokuja kusikiliza wakacheka. Mbodze hakucheka. Akahesabu kwa vidole chini ya kanga: nne za nje, mmoja wa kati. Tano. Akalitazama wingu. Je, kazi yote ilikuwa imeharibika kwa sababu ya mkia wa Kakakuona?

"Mheshimiwa," akauliza, maana alitaka kujua kweli, "mwamuzi akikosea, inakuwaje?"

Nyati akameza. "Inakuwa amekosea. Kama hamkumchagua, au hakuwasikiliza, au aliamua jambo jingine, ningeutupa uamuzi wake. Lakini kosa la hesabu lina siku yake, baada ya mavuno. Leo mnatii." Akamgeukia Fisi. "Mizigo kumi na miwili kabla jua halijazama. Vinginevyo nawatuma siafu waje kuichukua."

Fisi aliwajua siafu. Akaibeba mizigo yote kwa mgongo ule ule wa kujikunia.

Mbodze akaezeka. Alipofunga fundo la mwisho, mvua ikashuka, ikanyesha siku arobaini. Watoto wakalala pakavu.

Baada ya mavuno baraza kuu likakutana. Wakaingia nyumbani kwa Fisi na taa, wakahesabu taratibu. Kuta tano.

"Mbodze, rudisha mizigo miwili."

"Haki," akasema Mbodze.

Fisi akarukaruka kwa furaha hadi mlangoni. Akatazama nje. Bonde zima lilikuwa nyasi, ndefu kumpita Nyati. Mbodze akachukua mundu, akakata mizigo miwili mizito, akaitua miguuni pa Fisi, akarudi nyumbani kabla uji haujachemka.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya paa. Anayebisha na abishe, lakini aje baada ya mavuno.