Jina la Kabla ya Jua

Hapo zamani, usiku wa manane, nyumba nzima ilisikia mlio mwembamba, mlio wa kichanga aliyelia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa binti wa Zaituni, wa siku thelathini, macho yamevimba, yamejaa tongotongo, hayafunguki. Zaituni mwenyewe miaka kumi na tisa, kidato cha nne amemaliza juzijuzi, na tangu ajifungue hajalala usiku hata mmoja bila kuamka kusikiliza kama mtoto anapumua.

Akakurupuka, akapapasa rafuni, akashika kichupa. Vichupa vilikuwa viwili, vyote vidogo, vyote vyeupe: kimoja cha macho ya mtoto, kimoja cha sikio la mama mkwe wake. Akakifungua, akakiinamisha, tone likaning'inia.

"Ngoja!" Mkono ukamdaka. Alikuwa mama mkwe, Bi Mwanahija. "Kimesomwa hicho?"

"Mama, niache, mtoto anateseka, ni hiki hiki, nakijua!"

"Hata mimi nilikijua."

Zaituni akakishusha kichupa. Mle ndani kila mtu alijua maana yake. Hadia, wifi yake, aliyekaa pale mkekani ameinua uso, alikuwa kipofu tangu utotoni, tangu siku mama yake huyu huyu alipomtia machoni dawa isiyo ya macho.

Zaituni akakisogeza kichupa kwenye koroboi. Machozi yakamjaa, herufi zikaruka kama kumbikumbi. Miaka minne ya sekondari yote ikamtoka.

"Lete hapa, kidato cha nne!"

Alikuwa Tatu, mke mwenzake, kasimama mlangoni. Tatu, ambaye hakukanyaga darasa. Tatu, ambaye hajasemezana na Zaituni tangu mimba ilipoonekana. Akaweka kidole kwenye maandishi. "E, A, R. 'Ear.' Sikio hilo! Jicho ni 'eye'. Ungemtia, bibi wee!"

Zaituni akaketi chini, puu.

Tatu alisomea wapi? Kwa Hadia. Hadia alikuwa ameanza shule kabla hajapofuka; ili asisahau sura za herufi, kila wakitwanga hutaja maneno mafupi ya Kiingereza, yote ya herufi tatu, yote yanaanza na E: 'eye' jicho, 'ear' sikio, 'egg' yai, 'end' mwisho. Tatu akamwuliza E ikoje, R ikoje, Hadia akamchorea kiganjani. Naye akawa anayaandika kwa kidole juu ya unga, kwenye ungo, kisha anapepeta, yanapotea.

Basi mtoto akatiwa dawa yake, akalala. Lakini ukoo ule ulikuwa na ada: mtoto aliyeponyoka hatarini hupewa jina la pili na aliyemponya, hunong'onezwa sikioni kabla jua halijachomoza, na mnong'onaji huwa mama yake wa pili. Akihama, mtoto humfuata. Akizeeka, mtoto humlea. Na jina halitolewi na wawili.

Bi Mwanahija akasema, "Jina ni langu. Bila mkono huu, tone lingeshaanguka, Tatu angesoma kichupa juu ya mtoto aliyekwisha kuharibika. Mkono huu uliyazima macho ya mwanangu. Niacheni useme umeponya mengine, ndipo nife."

Hadia akasema, "Mama, mkono wako ulizuia, haukujua unazuia nini. Bila maneno yangu mngekikodolea kichupa mpaka asubuhi. Na huo mkono, nani aliufundisha kuogopa? Si macho yangu?"

Tatu akasema, "Maneno yako yalikuwa unga, wifi. Bila mdomo wangu yangebaki unga. Nani mwingine alijua kwamba najua kusoma? Ningejifunika shuka nikanyamaza, nani angenilaumu? Miaka saba sina mtoto. Nimetoka kitandani kuja kumwokoa wa mke mwenzangu."



Zaituni akawatazama mmoja mmoja, akambana mtoto kifuani. Wote wanne walikuwa wameapiana mumewe, aliyelala shambani usiku ule, asijue ni mkono wa nani ulioshika kichupa kile, maana angerudishwa kwao asubuhi hiyo hiyo. Mama mtoto ndiye huchagua mnong'onaji; akimchagua mmoja, wawili watabaki na uchungu, na siri iko midomoni mwao. Nje, jogoo wa kwanza kawika.

Je, nani alistahili? Aliyezuia, aliyefundisha, au aliyesoma? Nijibuni sasa hivi, tena taratibu, baba mtoto asisikie. Jibu lenu nitampelekea Zaituni, na haki ya Mungu, sitamwambia mwingine.