Siwema Digidigi na Dalali Aliyelipwa kwa Kasoro

Nianze kwa kuwaomba radhi, wanangu. Wapo watu wanaoijua hadithi hii vizuri kuliko mimi, shida yao ni kwamba wana kazi za maana, kwa hiyo mmebaki na mimi. Nikikohoa, jueni nimesahau. Nikikohoa sana, jueni nimesahau pazuri. Sogeeni huku, na wewe wa nyuma usilipige teke hilo beseni, liko kazini.

Hapo zamani za kale, siku ambazo Fisi alikuwa bado anavaa koti, aliishi digidigi mmoja jina lake Siwema. Digidigi mnamjua: swala aliyesahau kukua. Miguu kama vijiti vya mshikaki, macho makubwa kama ameulizwa hesabu ya kugawanya.

Siwema alikuwa na mume, Mbonea, aliyekuwa akifagia uani kwa Simba. Na alikuwa na tumbo. Tumbo la miezi ya mwisho, lile linalofika mlangoni kabla ya mwenyewe. Walikuwa na nyumba pia, mpaka asubuhi moja Tembo alipoikanyaga, pwaa, akidhani ni kichuguu. Aliomba radhi vizuri tu, akaendelea na safari zake.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa vikao upande wa mashariki. Mvua ikimkuta Siwema nje, mtoto atazaliwa topeni, na Chui alikuwa anapita jirani kila siku akiulizia hali ya mama.

"Nenda kwa dalali," Mbonea akasema.

Hapakuwa na njia nyingine. Katika mji ule mwenye nyumba hafungui mlango kwa mpangaji aliyekuja bila dalali. Walikuwa na sababu yao. Mara ya mwisho mpangaji alipojileta mwenyewe alikuwa huyo huyo Chui. Alikuja kuangalia chumba, akamla mwenye chumba.

Na dalali alikuwa mmoja: Fisi.

"Karibu, dada yangu, karibu," Fisi akasema, akijifuta koti. "Nyumba zipo. Wewe tu na macho yako. Mfupa wa kuonyeshea umekuja nao?"

Siwema akampa mfupa. Uani kwa Simba mifupa ilikuwa inafagiwa kwa gunia, Mbonea alikuwa akiitupa kila Ijumaa. Fisi akautafuna pale pale, kwacha kwacha, kisha wakaondoka.

Walipofika penye kichaka cha mkwamba, Fisi akaanza kuimba kwa sauti, akazunguka mbali kama anakimbia nyuki.

"Mbona tunazunguka, kaka?"

"Huko? Siafu. Usitazame hata, watakuona."

Akampeleka nyumba ya Kiboko, kando ya mto. Siwema akaingiza mguu wa kwanza. Chubwi.

"Kaka, humu mna maji."

"Ya bure. Wenzako wanayafuata kwa ndoo."

"Yananifika tumboni."

"Hewa safi hiyo, dada. Mtoto atazaliwa anajua kuogelea."

Siku ya pili Siwema akatoa mfupa mwingine. Wakauzunguka tena mkwamba, Fisi akiimba, mpaka nyumba ya Nyani. Ilikuwa juu ya mti.

"Sasa napandaje?"

"Jaribu, dada, usijidharau."

Siwema akajaribu. Alipanda urefu wa kiazi, akaanguka puu kwenye majani.

"Umeona?" Fisi akasema. "Ukishaingia hutataka kushuka."

Jioni ile Siwema alirudi kwa mumewe akichechemea. Wakakaa chini ya jani la mgomba.

"Mume wangu, Kiboko anamlipa Fisi nini akileta mpangaji?"

Mbonea, kwa kuwa alikuwa akifagia kwa wakubwa, alijua mambo ya wakubwa. "Kambare kumi. Nyani anatoa mayai saba."

"Na pale kwenye siafu ni kwa nani?"

"Siafu gani? Pale pana nyumba ya Bi Kobe, aliachiwa na marehemu mumewe. Anatafuta mpangaji tangu kiangazi, kwa sababu mwenyewe ya kwake anayo mgongoni. Ila hana kitu, maskini. Udalali wake ni kipande cha ngozi kavu."

 Siwema akakumbuka kuwa nyuma ya mkwamba aliona moshi wa jikoni, akawaza, siafu wanapika nini?

Sasa hapa, wanangu, wengine tungekwenda kumtukana Fisi. Siwema hakumtukana. Alijua Fisi ana watoto sita nyumbani, na watoto wa fisi hawali heshima ya baba. Miguu ya yule dalali ilikuwa inakwenda palipo na chakula, basi. Ukitaka iende kwingine, hamisha chakula.

Asubuhi akamfuata, Mbonea nyuma yake na gunia zima la mifupa.

"Kaka Fisi, mambo yamebadilika. Mama mkwe anakuja."

"Pole, dada," Fisi akasema, na alimaanisha.

"Nataka leo unionyeshe nyumba mbaya. Ile mbaya kabisa mjini."

Fisi akatazama kulia na kushoto. "Mbaya yenye maji, au mbaya ya kawaida?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Kwa kila kasoro utakayonionyesha nakupa mfupa. Lakini iwe kasoro ya kweli, niishike kwa kwato zangu. Ukinidanganya moja, nakata miwili."

Fisi akalichungulia gunia. Mate yakamdondoka, to, to, to, kwenye koti.

Wakaenda kwa Kiboko mbio. Juzi nyumba ile ilikuwa na hewa safi. Leo Fisi aliingia akavua koti kabisa, kama daktari.

"Maji ndani, moja. Ukuta huu, gusa, umelowa mpaka juu, mbili. Ruba hawa hapa, dada, shika, ni wa kweli. Mamba analala chumba cha pili, huwa sisemi. Na mwenye nyumba akigeuka usiku nyumba nzima inahamia ng'ambo."

"Kumbe ulikuwa unayajua?"

"Dada, mimi ni dalali. Ninajua kila tundu."

Kasoro kumi na moja. Mbonea akahesabu mifupa. Kwa Nyani zikapatikana tisa, ikiwemo watoto wa Nyani wanaojisaidia kutoka juu bila kutoa taarifa. Siwema alisikiliza zote huku akiukumbuka mguu wake.

Radi ikasikika kwa mbali, ngurumo ndogo, kama tumbo la mgeni mwenye aibu.

"Imebaki ipi?" Siwema akauliza.

Fisi akasimama. Gunia lilikuwa bado limejaa nusu. Mnajua mtu akisema uongo siku nyingi, ipo siku anauamini mwenyewe.

"Ipo moja. Ile ya siafu. Pale, dada, mabaya matupu. Lileteni gunia karibu."

Bi Kobe akafungua mlango polepole, yaani mlango ulifunguka leo na yeye akatokea kama kesho. "Leo dalali umepotea njia?"

"Nimekuja kikazi, bibi. Nipishe nitafute kasoro."

Kwanza akatafuta siafu. Hakuna. Akagonga ukuta, ngo ngo ngo, ukamjibu vizuri. Akaomba ndoo ya maji, akaimwaga juu ya paa, akaenda kuchungulia dirishani. Sakafu kavu. Akanusa. Akanusa tena.

"Kuna harufu," akasema kwa matumaini.

"Ni kunde zangu," Bi Kobe akasema. "Nikupakulie?"

Akazila. Zilikuwa nzuri. Fisi akaanza kuhangaika, gunia linamwangalia na yeye analiangalia. Mwisho akaamua aingie ndani akatazame vizuri, akatanguliza kichwa mlangoni, akasukuma mabega, na hapo akakwama. Kwi. Kichwa ndani, koti nje.

"Kasoro!" akapiga kelele humo ndani. "Nimeipata. Mlango mdogo."

"Moja," Siwema akasema. "Sukuma kidogo, kaka, tuhakikishe."

"Nimesukuma. Siingii."

"Na Chui je, ataingia?"

"Chui ana mabega kama yangu. Ataishia hapa hapa nilipo, na atajuta."

"Na mimi?"

Fisi akaanza kuelewa, ila kichwa kikiwa mlangoni mtu anaelewa kwa taabu. Siwema akainama, akapita chini ya kidevu chake, tumbo na yote, akasimama katikati ya sakafu kavu. Akageuka akawatazama mumewe kupitia dirishani na Bi Kobe aliyekuwa bado anakuja.

"Naichukua, bibi."

"Ngoja," Fisi akasema. "Si ulisema unataka nyumba mbaya?"

"Nilisema unionyeshe nyumba mbaya, kaka. Sikusema nitaikodi."

"Na mama mkwe?"

"Anakuja kweli. Anakuja kunilelea mtoto. Ningempeleka kwenye ruba?"

Mbonea na Bi Kobe wakamvuta Fisi mkia, moja, mbili, pwop, akatoka akakalia ndoo. Alitegemea kuchekwa. Siwema akamkabidhi mfupa wake wa mwisho, ishirini na moja jumla, na Bi Kobe akamwongezea kile kipande cha ngozi kavu na bakuli la kunde kwa ajili ya watoto.

Fisi akalitazama fungu lake muda mrefu. Lilikuwa kubwa kuliko kambare kumi.

"Bi Siwema," akasema, taratibu, "ungeniambia tangu siku ya kwanza kwamba ukweli nao una malipo, nisingekuchosha miguu."

"Na mimi ningekuuliza tangu siku ya kwanza unalipwa na nani," Siwema akasema, "nisingeanguka mtini."

Mvua ikashuka usiku ule ule. Mtoto akazaliwa pakavu, mdogo kama kidole gumba, na Chui akapitisha jicho mlangoni, akapima mabega yake, akaenda zake.

Nimefika mwisho na nimekohoa mara mbili tu. Funzo lake ni hili: kabla hujamuuliza dalali nyumba ikoje, muulize nani anamlisha.

Nawaona mnatazama dari, kisha mabeseni, kisha mimi. Ndiyo, nyumba hii nilionyeshwa na dalali, na ndiyo, hadithi hii nilikuwa naijua. Nilimsimulia njiani, mwanzo mpaka mwisho. Alicheka sana yule bwana, nami nilivyo, nikipata mtu wa kucheka sisikii wala sioni. Tuliingia humu ndani bado namwigizia Fisi alivyokwama mlangoni, na sikutazama juu hata mara moja.